Uhamisho wa Askari: Vyombo Gani Viuzwe, Vipi Visafiri?

Amri ya uhamisho huja kwa maneno machache. Askari huitwa ofisini asubuhi, husomewa jina la kituo kipya na tarehe ya kuripoti, hupiga saluti, kisha hurejea nyumbani kwa miguu huku akihesabu siku zilizobaki. Mizigo yake mwenyewe ni myepesi: sare, buti, blanketi na sanduku la bati. Lakini akifika mlangoni humkuta mkewe ameinamia sigiri, watoto wanarudi bombani na jerikani za maji, na ndani ya nyumba vimesongamana vitu vya miaka sita au saba: vitanda, makochi, kabati, meza, masufuria, redio, baiskeli na nguo za watoto ambao wamekwisha kuzipita kwa kimo. Hapo ndipo swali gumu huanza. Yote haya yatakwenda na nani, na kwa gharama ya nani?

Familia nyingi za kambini hulijibu swali hilo kwa haraka, na haraka hiyo huwatia hasara. Siku hupita katika kuaga na kutafuta lori. Jioni ya mwisho wachuuzi huja, husimama kando na mikono mifukoni, wakijua vema kwamba mwenye mali hana tena siku ya pili. Kabati lililogharimu mishahara miwili hununuliwa kwa bei ya karai. Godoro huachwa. Meza hukabidhiwa jirani kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi, na ahadi hiyo huishia palepale. Mama wa nyumba hufika kituo kipya na kuanza kununua kijiko.

Hasara hiyo si ya lazima. Ipo njia ya kuuza vyombo vya nyumbani kwa utaratibu, uani kwa mwenyewe, mchana kweupe, kwa bei iliyoandikwa, na kwa ridhaa ya kila mwenye haki juu ya kitu kinachouzwa.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani familia inayotaka kupunguza vyombo huvipanga mbele ya nyumba au uani, hubandika bei, na majirani pamoja na wapita njia huja kuchagua. Desturi hiyo ilienea sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilipojaza nyumba kwa bidhaa na watu wengi walipohamia vitongojini kwenye nyumba zenye nyua na gereji. Mwaka 1987 kaunti ya Fentress katika jimbo la Tennessee iliigeuza kuwa shughuli kubwa: wakazi wa kando ya barabara nambari 127 walihimizwa kuuza vitu vyao, ili wasafiri waache barabara kuu za kasi na kupitia vijijini. Siku hizi mauzo hayo hufanyika kila mwaka, siku nne mwanzoni mwa Agosti, toka Michigan mpaka Alabama, mwendo wa kilomita zipatazo 1,100 kupitia majimbo sita.

Kwa msomaji wa kambini, hata hivyo, lenye maana zaidi ni linalotendeka katika kambi za jeshi la nchi hiyo. Serikali yao humlipia mwanajeshi usafirishaji wa vyombo anapohamishwa, lakini kwa uzito uliowekwa kufuatana na cheo chake na kama ana familia. Kiwango cha juu kabisa, ambacho ni cha maofisa wakubwa, ni ratili 18,000, yaani zaidi kidogo ya kilo 8,100. Anayezidisha hulipa mwenyewe. Ndiyo sababu familia za kambini huko hupunguza vyombo kabla ya gari la mizigo kuwasili, wala hakuna anayewacheka.

Askari wa Uganda hana mizani ya namna hiyo. Mizani yake ni nafasi atakayoipata ndani ya lori. Tena nyumba yenyewe aghalabu ni ndogo. Katika kambi za polisi familia nyingi zimelea watoto ndani ya uniporti, zile nyumba za duara za bati ambazo mchana huwa moto kama tanuri na ambazo kitanda kimoja cha mtu mzima hula nusu ya sakafu. Mtu anaweza kudhani kwamba mwenye nyumba ndogo hana cha kuuza. Kinyume chake ndiyo kweli. Nyumba ndogo huficha vitu vingi: chini ya kitanda, juu ya dari la maboksi, nyuma ya pazia, na kwa jirani mwenye nafasi.

KIKAO KABLA YA BEI

Kosa la kwanza si la bei. Ni la kuuza kabla ya kukaa pamoja. Mume hurudi kutoka ofisini, huangaza macho nyumbani na kuamua peke yake, kana kwamba amri ya uhamisho imemteua pia kuwa dalali. Mke hukuta kitu chake kimekwisha ahidiwa mtu. Au huwa kinyume: mume yuko doria mbali, mke anauza redio ambayo mumewe alirithi kwa baba yake, akidhani ni kifaa kikuukuu kilichokwisha nguvu.

Tuchukue mfano wa sajini wa polisi anayehamishwa kutoka Kampala kwenda Arua, safari ya karibu kilomita 500. Ana mke na watoto wanne. Amepewa wiki tatu. Miongoni mwa vyombo vyao imo mashine ya kushona ya miguu, nzito, yenye meza ya mbao na kanyagio la chuma. Mke aliinunua kwa fedha za chama cha akina mama, zamu yake ilipofika, na tangu hapo hushona sare za shule za watoto wa kambi nzima. Mume anaitazama na kuona uzito. Anasema, “Mama watoto, mashine hii tukiiuza, nauli ya lori imepatikana yote.” Mke anajibu bila kupaza sauti, “Nauli ya lori ni ya safari moja, Baba watoto. Hebu hesabu mashine hii imelipa karo ya mihula mingapi.”

Katika nyumba ambayo hakuna kikao, jibu hilo lisingesikika, kwa sababu mashine ingekuwa imekwisha bebwa. Na hilo ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote katika mauzo ya namna hii. Fedha inayopatikana kwa kuuza chombo cha kazi hulika kwa wiki moja, lakini riziki iliyokuwa ikitoka katika chombo hicho haikomboleki kwa urahisi. Mke wa askari anapohama hupoteza wateja wake wote kwa siku moja; asipoteze na chombo pia. Sheria njema ya nyumba ni hii: kitu kilichonunuliwa kwa jasho la mtu, mwenyewe ndiye mwenye neno la mwisho juu yake, awe mume, mke, au hata mtoto aliyefuga kuku wake wawili akaambiwa ni wake.

Kikao kifanyike jamvini, jioni, baada ya chakula, watoto wakubwa wakiwapo. Kitu kimoja kimoja kitajwe na kuandikwa katika daftari: kinachosafiri, kinachouzwa, kinachogawiwa bure. Watoto wasidharauliwe. Mtoto wa miaka tisa anayeambiwa wiki mbili kabla kwamba kitanda chake kitauzwa, na kwamba Arua atapata kingine, huzoea. Yule anayerudi kutoka shuleni akute kitanda hakipo hulia usiku kucha, na pengine huikumbuka kambi mpya kwa machozi hayo.

VISIVYO VYA MTU KUUZA

Kabla ya kutaja bei yoyote, kuna fungu la nne ambalo halina budi kutengwa, nalo ni vitu visivyo mali ya familia. Buti za kazi, mashati, makoti ya mvua, mikanda, kofia, mahema, masanduku ya risasi yanayotumika kuwekea nafaka, vitanda vya chuma vyenye nambari ya stoo: hivi vyote vina mwenyewe, na mwenyewe ni serikali. Havikuwa vya askari hata kama amelala juu yake miaka kumi. Vihesabiwe, virudishwe stoo, na stakabadhi ya kuvirudisha itunzwe pamoja na barua ya uhamisho.

Jambo hili si la mzaha. Sare chakavu inayouzwa uani kwa fundi wa makaa inaweza kuonekana baadaye mwilini mwa mnyang’anyi njiani. Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Uganda ya mwaka 2005 inakataza raia kuwa na vifaa vya jeshi bila idhini, kwa hiyo anayeuza humponza pia anayenunua. Akina mama wapekue mifuko ya nguo zote kabla ya kuzitandaza, kwa maana si mara moja risasi au kitambulisho kimekutwa katika koti la kazini lililochanganyika na nguo za nyumbani.

Hali kadhalika vyandarua vilivyogawiwa bure na serikali kwa ajili ya kujikinga na malaria haviuzwi. Dawa zilizobaki hazifai kuuzwa wala kugawiwa. Jerikani iliyowahi kutiwa dawa ya kuua wadudu wa mimea isiuzwe kabisa, hata kama imeoshwa mara saba kwa sabuni na majivu. Itobolewe, ili asitokee mtu wa kuichotea maji ya watoto wake.

HESABU YA LORI

Watu wengi huamua kwa kuangalia kitu kama ni kizuri au kibaya. Hesabu sahihi si hiyo. Chukua bei ambayo kitu kitapata hapa, ongeza gharama ya kukisafirisha ambayo utaiokoa, kisha linganisha na bei ya kununua kingine kama hicho huko uendako.

Tumrudie sajini. Tuseme makochi yake yatauzwa kwa shilingi 180,000. Kuyabeba hadi Arua, kwa sababu yanakula nafasi kubwa ya lori, kutamgharimu 150,000. Jumla ni 330,000. Akifika Arua anaweza kuagiza kwa seremala mengine ya hadhi hiyo kwa 250,000. Basi kuyauza ni faida ya shilingi 80,000, tena atakalia mapya. Sasa kabati. Litauzwa kwa 120,000, na kulibeba ni 60,000, jumla 180,000. Lakini kabati kama hilo huko linauzwa 250,000. Hilo lisafiri. Bei hizi ni za mfano tu, kila mtu ataweka za kwake, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki, na yafaa mtu mwenye jamaa au rafiki katika kituo kipya ampigie simu kuuliza bei za sokoni kabla ya kuamua.

Vitu vidogo vizito, kama mawe ya kusagia, havistahili safari ndefu isipokuwa vina historia ya ukoo. Masufuria hayauzwi. Huingiliana moja ndani ya jingine, hayali nafasi, na mama anayefika ugenini saa tatu usiku na watoto wenye njaa atahitaji sufuria kabla ya kuhitaji kiti.

Bei zenyewe ziwe za haki. Kitu kilichotumika vizuri miaka miwili kinaweza kudai nusu ya bei ya dukani. Kilichochoka zaidi, robo. Muuzaji asitafute kurudisha alichotoa. Mnunuzi hanunui kumbukumbu za arusi ya mtu, ananunua meza. Hapo ndipo wengi hukwama, hasa akina baba, ambao kwa kila kitu wana hadithi ya jinsi kilivyopatikana na kwa taabu gani. Hadithi isimuliwe, bei ishuke.

Kila kitu kibandikwe kipande cha karatasi chenye bei, na bei hiyohiyo iandikwe katika daftari pamoja na nafasi ya jina la mnunuzi na fedha iliyopokewa. Mali bila daftari huisha bila habari, nao wahenga hawakuwa wakinena juu ya maduka tu.

Kisha vitu vitengenezwe. Kazi hii hudharauliwa, na ndiyo inayopandisha bei kwa gharama ndogo kuliko zote. Sigiri iliyolegea mguu ipigwe ribiti. Kiti kinachoyumba kigongomewe. Vyombo vya bati visuguliwe kwa majivu mpaka vimetemete. Nguo za watoto zifuliwe, zipigwe pasi na kufungwa mafungu kwa umri, kwani mama mjamzito aliye mgeni kambini atanunua fungu zima la mtoto mchanga kwa furaha, lakini hatapekua lundo. Redio iwekwe betri ili isikike ikisema. Birika la umeme na pasi vijaribiwe mbele ya mnunuzi. Televisheni ya zamani iuzwe kwa ukweli wake: tangu matangazo ya Uganda yalipoanza kuhamia mfumo wa dijitali mwaka 2015, haionyeshi kitu bila king’amuzi, na anayeuza bila kusema hivyo atamkuta mnunuzi mlangoni jioni ileile.

Godoro na vitanda vya mbao vina adui mmoja, naye ni kunguni. Kitanda kifunguliwe viungo vyote, vimwagiwe maji yanayochemka, kianikwe jua kali siku mbili. Godoro lianikwe na kupekuliwa mishono yake. Likiwa limeshambuliwa, lisiuzwe kwa mtu yeyote. Kumuuzia jirani kunguni kwa fedha ni aibu inayomfuata askari toka kituo hata kituo, na jeshini habari husafiri upesi kuliko lori.

SIKU YENYEWE

Siku nzuri ni Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara. Wiki ya pili fedha imekwisha kwenda kwa karo na duka la mkopo, na watu watakuja kutazama tu. Yasipangwe mauzo siku ya gwaride, wala siku ambayo kambi ina msiba.

Ruhusa ni lazima. Askari amwendee mkuu wa kambi mapema, aeleze siku, saa na mahali. Akitaka raia wa nje nao waje kununua, jambo hilo ni la usalama na si la kuamuliwa na mwenye makochi. Mara nyingi ni heri vitu vya watu wa kambini viuzwe kambini, na vile vikubwa vipelekwe kwa jamaa anayeishi nje, viuzwe uani kwake baada ya mwenyekiti wa baraza la mtaa, LC ya kwanza, kuarifiwa. Mwenyekiti anayejua hutuliza maneno, asiyejua huyaanzisha. Watu wakiona vyombo vya askari vinatolewa nje, wa kwanza atasema amefukuzwa kazi, wa pili atasema ameachana na mkewe. Tangazo dogo lililobandikwa kantini wiki moja kabla, lenye maneno “Tunahama, tunauza vyombo,” humaliza uvumi wote huo.

Vitu vitolewe saa moja asubuhi na kupangwa kwa mpango, vya jikoni mahali pamoja, vya chumbani pamoja, nguo juu ya kamba, vya thamani karibu na meza ya fedha. Meza hiyo iwe na mtu mmoja tu. Mume akipokea huku na mke kule, jioni daftari halitaeleweka na ugomvi utafuata. Mtu mzima mmoja asimame karibu na mlango wa nyumba, kwa sababu siku ya watu wengi ndiyo siku ya simu kupotea juu ya dirisha.

Kuhusu kupunguza bei, desturi ya Afrika ya Mashariki haikubali bei isiyosogea, na muuzaji anayekataa kabisa huonekana ana kiburi. Aweke nafasi ndogo ya kushuka. Ila asishuke sana kabla ya saa sita mchana. Wanaokuja asubuhi ni wenye haja, wa alasiri ni wenye subira, na hao wa mwisho wanaweza kupunguziwa.

Deni ndilo linaloharibu mauzo mengi kambini. “Mwisho wa mwezi, ndugu yangu,” husema jirani, naye hana nia mbaya. Lakini mwisho wa mwezi muuzaji atakuwa Arua, na jirani atakuwa na madeni mengine yenye watu walio karibu naye. Jibu la upole ni moja tu: alipe sehemu sasa, kitu kibaki pale pale mpaka atakapomaliza, na asipomaliza kabla ya siku ya lori arudishiwe fedha yake. Anayekasirika kwa masharti hayo hakuwa na nia ya kulipa.

Na kuna taabu nyingine ambayo watu huinong’oneza tu. Mkubwa hupita, huipenda meza, husema, “Sajini, hii ipelekwe kwangu,” na huenda zake. Hakutaja fedha. Mdogo wake anaogopa kumdai, hasa siku chache kabla ya kuandikiwa barua. Bei iliyobandikwa kwenye karatasi ni msaada mkubwa hapa, kwani karatasi haimjui mwenye nyota begani. Mke naye akiwa ndiye mwenye daftari, anaweza kusema kwa adabu zote, “Afande, karibu hapa mezani tukuandikie.” Hapo mkubwa mwenye heshima zake hulipa, na wengi wana heshima zao. Askari naye asimkalie kooni konstebo mgeni aliyekuja na mke mchanga na godoro halina. Kumpunguzia huyo si hasara. Yeye mwenyewe alipofika kambini miaka kadhaa iliyopita kuna mtu aliyempunguzia.

Fedha taslimu zitazamwe kwenye mwanga, moja moja, hasa za shilingi 50,000. Anayelipa kwa simu asubiriwe mpaka salio la mpokeaji lithibitishwe kwa kuangaliwa, si kwa ujumbe alioonyesha mlipaji kwenye simu yake. Wadanganyifu hutunga ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kweli.

Baiskeli, simu, televisheni na pikipiki visiuzwe bila hati. Karatasi moja yatosha: majina ya pande mbili, nambari za vitambulisho, nambari ya chombo, bei, tarehe, saini, na shahidi mmoja. Wanaofanya kazi polisi wanajua ni mara ngapi mtu asiye na kosa amelala mahabusu kwa sababu ya simu aliyoinunua bila karatasi. Stakabadhi ya dukani, kama ingalipo, aikabidhi. Pikipiki ibadilishwe jina katika kumbukumbu za serikali kabla ya muuzaji kuondoka, vinginevyo ajali itakayotokea mwakani itamtafuta yeye.

MAUZO YA MJANE

Si kila familia huondoka kambini kwa uhamisho. Askari akifa, mkewe na watoto nao hutakiwa kuiacha nyumba ya serikali, na mara nyingi vyombo huanza kupungua kabla matanga hayajaisha. Ndugu wa marehemu huja na kuchukua redio, baiskeli, makochi, wakisema ni vya ndugu yao. Mjane aliyechanganyikiwa huona heri auze kilichobaki ili apate nauli.

Hapo avute subira. Mali ya marehemu katika Uganda ina utaratibu wake wa kisheria. Mjane na watoto ni warithi katika Sheria ya Urithi, iliyorekebishwa mwaka 2022, na mtu yeyote anayegawa au kuuza mali ya marehemu bila mamlaka ya kisheria anatenda kosa, awe shemeji au mjane mwenyewe. Pa kuanzia ni kwa Msimamizi Mkuu wa mali za marehemu, ambaye afisi yake husikiliza familia kabla ya mahakama kutoa barua za usimamizi. Katika siku zile za kwanza, jambo la kufanya ni kuandika orodha ya vitu vyote mbele ya ofisa wa kambi na mashahidi wawili, na kutenga wazi vile alivyovinunua mjane kwa fedha zake. Akina mama wenzake wa kambini wanaweza kumsaidia kuandika, kwa kuwa wao ndio wanaojua mashine ilinunuliwa na chama gani na kabati na nani. Mauzo yake yatakuja baadaye, kwa utaratibu uleule wa daftari na bei.

JIONI

Saa kumi na moja mauzo yafungwe. Visivyonunuliwa visirudishwe ndani, maana vikirudi ndani vitasafiri. Kuna mwalimu wa shule ya kambi atakayefurahia madaftari na ubao mdogo. Kuna zahanati inayoweza kutumia mabenchi. Kuna mama mwenye mapacha. Fedha ihesabiwe na wote wawili, mume na mke, taa ikiwa imewashwa na mlango umefungwa, na igawanywe usiku uleule: fungu la lori, fungu la kununulia vitakavyohitajika huko, na cha kila mtu kilichotokana na kitu chake apewe mwenyewe, hata mwenye kuku wawili.

Katika mfano wetu sajini ameuza makochi, meza kubwa, baiskeli, kitanda kimoja na mafungu matano ya nguo. Kabati linakwenda. Mashine ya kushona nayo inakwenda, lakini si nzima nzima. Kichwa chake hufunguliwa skrubu chini ya meza, hutolewa mkanda wa ngozi, hupakwa mafuta na kuvingirishwa kwa blanketi. Meza na kanyagio hufungwa kamba nyuma ya lori, miguu juu. Kichwa chenyewe hakipandi nyuma. Mama hukipakata mbele, karibu na dereva, toka Kampala hata Arua.